Kliniki za masikio zipime na kizunguzungu

Mhariri,

Kila inapofika Machi 3, Siku ya Kusikia Duniani, tunaelezwa mengi kuhusu uziwi, kelele na watoto wanaochelewa kusema. Ni haki yaelezwe, kwa kuwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma za utengamao, yaani za kuwarudishia uwezo. Hata hivyo sikio lina kazi ya pili ambayo ni nadra kutajwa, nayo ni kuuweka mwili katika msawazo usianguke. Naomba nafasi katika safu yako niizungumzie kazi hiyo, maana kwa kutofahamika kwake mama yangu alimeza vidonge vya presha kwa miezi minne bila kupata nafuu yoyote.

Mama ana miaka 67, nasi tunaishi Korogwe. Alfajiri moja aligeuka kitandani upande wa kulia ili ainuke kuswali, chumba kikamzunguka, akashika chandarua na kuanguka nacho. Kizunguzungu kile kilitulia upesi, lakini kikawa kinarudi kila alipolala, alipogeuka au alipoinua uso kufikia sufuria iliyo juu ya kabati. Katika kituo cha afya alipimwa malaria, hakuwa nayo. Akapimwa presha, ikakutwa imepanda kidogo, jambo lisiloshangaza kwa mtu aliyefika akitetemeka kwa hofu, akaandikiwa dawa. Dawa zikamlegeza zaidi, na majirani wakaanza kunong'ona habari za mashetani. Wahudumu walimpokea kwa upole na siwalaumu, ila katika mahudhurio yote yale hakuna aliyemuuliza kizunguzungu kinamjia anapofanya nini.

Katika kliniki ya usikivu tuliyoelekezwa Dar es Salaam, hilo lilikuwa swali la kwanza. Mtaalamu alimchungulia masikio, akatoa nta, kisha akamketisha katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, amevaa vipokea sauti na ameshika kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio, hata ukiwa wa mbali sana. Matokeo yalichorwa kwenye karatasi, duara jekundu kwa sikio la kulia na alama ya X ya buluu kwa la kushoto, na mistari yote miwili ilishuka kwenye milio myembamba. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama husikia kwamba wajukuu wanasema lakini asijue wanasema nini. Sisi tulidhani anawapuuza.

Baada ya hapo alipandishwa kitandani. Mtaalamu alimgeuza kichwa upande wa kulia, akamlaza kwa haraka hadi kichwa kikaning'inia kidogo nje ya ukingo, na baada ya sekunde chache macho ya mama yakaanza kuchezacheza yenyewe, nikiyaona kabisa, yakatulia kabla dakika haijaisha. Tukaelezwa kwamba chembe ndogo mfano wa chokaa zimebanduka mahali pake ndani ya sikio na kuingia katika mmoja wa mifereji mitatu inayoupa ubongo habari za mwendo wa kichwa. Akamgeuza hatua kwa hatua, akisubiri kidogo katika kila hatua, kisha akamketisha. Mama akauliza, "Dokta, ndiyo basi? Hata sindano?"

Kipimo hicho cha kumlaza mgonjwa kilielezwa na madaktari Dix na Hallpike mwaka 1952, na namna ya kuzirudisha chembe ilichapishwa na daktari Epley mwaka 1992. Hakuna hata kimoja kinachohitaji umeme. Najua zipo mashine za gharama, kama miwani yenye kamera ya kufuatilia macho na vifaa vya kupuliza hewa ya joto na ya baridi sikioni, nazo haziwezi kufika kila mkoa kwa mkupuo. Lakini nchi iliyoanza kupandikiza vifaa vya usikivu pale Muhimbili mwaka 2017 haishindwi kuwafundisha matabibu na wauguzi wa hospitali za wilaya kipimo cha kitanda na mikono, pamoja na kutambua lini kizunguzungu si cha sikio, kwa mfano kikiambatana na ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, hali inayotaka mgonjwa akimbizwe hospitali mara moja.

Lipo pia suala la dawa. Jentamaisini, sindano inayotumika sana wodini, huweza kuharibu sehemu ya sikio inayoshika msawazo hata kabla ya kugusa kusikia, na mgonjwa akatoka hospitalini amepona maambukizi huku akitembea gizani kama mlevi. Anayepewa dawa za namna hiyo kwa siku nyingi angestahili kupimwa kabla na katikati ya matibabu. Vivyo hivyo mtoto aliyezaliwa kiziwi na akachelewa kukaa au kutembea. Huyo huitwa mvivu, ilhali huenda sikio lake limepungukiwa kote kuwili, katika kusikia na katika msawazo.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo. Hospitali inayotangaza kliniki ya masikio iandike kwenye ubao wa mapokezi ni vipimo gani inavyofanya, vya kusikia pekee au na vya msawazo, na kwa siku zipi. Tulipita hospitali mbili kabla ya ile kliniki, mama akiwa amefumba macho ndani ya basi na mfuko wa plastiki mkononi, na kote tuliambiwa dirishani, baada ya kulipia kadi, kwamba huduma hiyo haipo.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga