Barua ya wazi: Kushusha vyombo si kuegesha gari

Kwa Ofisa mwenye dhamana ya maegesho ya magari katikati ya Jiji la Mwanza,

Ndugu,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu jambo moja tu, nalo ni tofauti kati ya gari lililoegeshwa na gari linaloshusha vyombo vya mtu anayehama.

Mwisho wa mwezi uliopita niliihamisha familia yangu kutoka Sengerema hadi ghorofa ya pili ya mojawapo ya zile nyumba za zamani za mjini, zenye maduka chini na wapangaji juu. Tulikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, zile kilomita tatu za maji tulizokuwa tukizivuka kwa kusubiri kivuko zinakwisha kwa dakika chache, kwa hiyo tulipita Usagara, Buhongwa na Mkuyuni na kuingia mjini kabla ya saa nne asubuhi, tukitarajia kula chakula cha mchana katika nyumba mpya. Hatua ishirini za mwisho, kutoka ukingo wa barabara hadi mlangoni, ndizo zilizotuweka hadi alasiri.

Nafasi zote za maegesho mbele ya nyumba zilikuwa zimejaa, hivyo dereva alisimama pembeni yake, akawasha taa za dharura, na vijana wakaanza kazi. Friji lilikuwa limefika kwenye kona ya ngazi, kijana mmoja akilivuta kwa kamba kutoka juu na mwenzake akilisukuma kwa bega kutoka chini, niliposikia dereva akiitwa. Nilipochungulia dirishani, gurudumu la mbele lilikwisha kufungwa mnyororo, na godoro letu lilikuwa nusu ndani ya bodi, nusu linaning'inia nje. Mkusanya ushuru alitueleza, tena kwa adabu, kwamba mashine yake inatambua gari lililolipiwa na lisilolipiwa, basi. Gari linaloshusha mzigo halimo. Nililipa, stakabadhi ninayo, na sidai kurudishiwa hata senti.

Ninachokiomba ni hilo la tatu liingizwe. Uingereza, ambako kanuni za maegesho ni kali kuliko zetu, mistari ya njano iliyochorwa kando ya barabara humkataza dereva kusimama na kungoja, lakini kwa kawaida haimkatazi kupakia wala kushusha mzigo. Panapokatazwa hata hilo, huongezwa alama nyingine fupi za njano kwenye ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Anayehama London aweza pia kuiomba halmashauri ya eneo lake, siku kadhaa kabla na kwa malipo, imwachie nafasi mbele ya nyumba, na kibao huwekwa ili wenye magari wajue. Siombi tuige kila kitu, maana rangi yenyewe ya barabarani kwetu hufutika mapema. Naomba tu wazo lenyewe, kwamba kungoja na kushusha ni vitendo viwili.

Iwapo mtakubali, nawasihi msiweke dakika kumi mkadhani mmemaliza. Mji huu umejengwa juu ya mawe. Anayehamia mlimani Mabatini au Igogo huliacha gari chini barabarani, na kabati lake hupanda kichwani mwa mtu kati ya miamba, kwenye njia ambayo hata pikipiki huikataa. Safari moja tu ya kupanda na kushuka yaweza kumaliza dakika hizo zote. Muda upimwe kwa umbali wa mlango na idadi ya ngazi.

Najua nitaambiwa nihame usiku, barabara zikiwa tupu. Ndugu, kwetu anayehama usiku ni anayemkimbia mwenye nyumba, na dereva mwenye kitanda na kabati saa tano za usiku atakuwa na maswali mengi ya kujibu njiani. Nitaambiwa vilevile kwamba wafanyabiashara watashusha saruji na kudai kuwa wanahama. Hofu hiyo ina msingi, ila mzigo wa kuhama hujitambulisha: sijamwona bado mwenye duka aliyebeba beseni, chandarua na picha ya harusi ili kumhadaa mkusanya ushuru.

Isitoshe, njia ya kumthibitisha mpangaji ipo tayari. Anayehamia mtaa mpya hutakiwa kujitambulisha kwa serikali ya mtaa, na wengi wetu huchelewa kufanya hivyo kwa sababu hatuoni faida yake ya papo hapo. Kama barua ya utambulisho kutoka mtaa ingempatia mtu kibali cha saa mbili au tatu, chenye namba ya gari na tarehe, hata kwa ada ya ushuru wa kawaida, mkusanya ushuru angekuwa na karatasi ya kusoma badala ya kubishana, na ofisi za mitaa zingewapata wapangaji wapya mapema.

Vyombo vyangu havijafika vyote. Cherehani ya mama na meza yake vimebaki Sengerema, na dereva yule yule amekubali kuvileta Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kwa sharti kwamba nimwambie mapema atasimama wapi. Naomba jibu lako kabla ya siku hiyo.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa ghorofa ya pili, Mwanza