Mkurugenzi wa NEMA, tufungulie ripoti za moshi wa viwanda

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA),
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: RIPOTI ZA KILA MWAKA ZA VIWANDA

Sheria inavitaka viwanda vyenye madhara kwa mazingira vifanyiwe ukaguzi kila mwaka na ripoti ziletwe kwako. Mwenye kiwanda humlipa mtaalamu aliyesajiliwa, mtaalamu huandika, karatasi hufika ofisini kwako. Ombi langu ni moja: zichapishe. Kila kiwanda kwa jina lake, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo mkazi yeyote mwenye simu atazisoma bila kubisha hodi kwa mtu.

Huenda ukanijibu kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kimenipa haki ya kupata habari, na kwamba sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Ni kweli. Lakini anayeomba lazima ajue kwanza kwamba kuna jambo la kuuliza. Mama anayeanua nguo zake zikiwa na masizi hawezi kujua kama bomba lile linatoa masizi matupu au na madini ya risasi pia. Aandike barua ya kuomba nini?

Sisi wa Mombasa tumeshaona mwisho wa kutojua. Pale Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na kijiji cha watu wapatao 3,000, na hakikufungwa hadi 2014. Risasi ilikutwa katika damu ya watoto. Aliyehangaika kutafuta vipimo alikuwa Phyllis Omido, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda hicho ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, wala si mkaguzi wa serikali. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikawa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Kesi ikapanda ngazi, hata Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo. Sikutoneshi kidonda, Mheshimiwa. Nasema tu kwamba kama kilo za risasi zilizopita katika bomba lile mwaka wa kwanza zingekuwa zimeandikwa mahali pa wazi, mtu angeuliza mwaka wa pili.

Nimesema kilo makusudi. Ripoti ikituambia ni miligramu ngapi zilikuwemo katika kila mita ya ujazo ya moshi siku ambayo mpimaji alikuja, imetuambia habari za siku hiyo, na siku ya mgeni nyumba hufagiwa. Sisi tunavuta hewa ya mwaka mzima. Tunataka jumla ya mwaka, pamoja na maelezo ya jinsi ilivyopatikana: imepimwa, imekokotolewa, au imekadiriwa. Mara nyingine hata chombo hakihitajiki. Kwenye saruji, mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa hutoa takriban nusu tani ya hewa ya ukaa kwa kila tani moja ya klinka (yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji), mbali na ile ya makaa. Kiwanda kinachojua tani zake za klinka, na hakuna kisichozijua, kinajua pia hewa yake.

Wenzetu walianza zamani. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1986, baada ya maafa ya gesi ya sumu iliyovuja kiwandani Bhopal, India, Desemba 1984, na ripoti hizo hutolewa kwa umma. Itifaki ya Kyiv ya 2003, iliyoanza kutumika 2009, inadai daftari la wazi la vichafuzi visivyopungua 86, na nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa inaruhusiwa kujiunga. Ningependa Kenya ijiunge, ila isinakili kila kitu. Kizingiti cha risasi hewani katika itifaki hiyo, yaani kiasi ambacho chini yake kiwanda halazimiki kuripoti, ni kilo 200 kwa mwaka, kipimo cha viwanda vikubwa. Tanuri dogo lililojibanza katikati ya nyumba za watu linaweza kupita chini yake kimyakimya. Wamarekani waliliona hilo, wakashusha kizingiti cha risasi hadi ratili 100 kwa mwaka, yaani kama kilo 45, na wanahesabu risasi inayotumika kiwandani, si ile inayotoka bombani peke yake. Tuanzie hapo, au chini zaidi.

Kazi hii itakurahisishia na nyingine. Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2023, nao unaipa kila nchi miaka mitano iwe na orodha ya zebaki inayotoka kwenye matanuri ya saruji, viwanda vya kuyeyusha madini na vichomea taka. Orodha hiyo itatoka wapi kama si kwenye ripoti za viwanda vyenyewe?

Najua wenye viwanda watalia siri za biashara. Lakini Umoja wa Ulaya sasa unamtaka anayeingiza saruji, chuma, alumini au mbolea aeleze hewa ya ukaa iliyotoka kuvitengeneza. Mwenye kiwanda atampa takwimu mnunuzi aliye ng'ambo, halafu amwambie jirani aliye upande wa pili wa ukuta kwamba ni siri?

Usisubiri mfumo mpya wa kompyuta wala zabuni yake. Anza na viwanda vya saruji na vya kuyeyusha metali vya Mombasa na Athi River, ripoti za miaka mitano iliyopita, hata ikiwa ni karatasi zilizopigwa picha na kupachikwa kwenye tovuti yenu jinsi zilivyo. Isiyokuwepo, andika jina la kiwanda na useme haikuletwa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Jomvu, Mombasa