Changamwe na Mikindani: Tuanze na maji kabla ya rangi

Mhariri,

Tafadhali tupe nafasi tuzungumze na wenye nyumba wa Changamwe, Mikindani, Magongo na mitaa mingine ya Mombasa ambayo sura yake imechakaa.

Tangu 2018, serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu, wengi wameshika kwamba dawa ya mtaa mkongwe ni rangi. Hata huku bara watu wanajichanga, wananunua ndoo, wanapaka. Masika moja ikipita rangi imeshabambuka, na nyumba inaonekana mbaya kuliko awali. Sisi mafundi tunasema wazi: kinachoharibu nyumba zetu ni maji. Kupaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu ni kutupa pesa.

Nyumba nyingi za zamani huku zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Jiwe hili lina vitundu vingi. Hunyonya maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa jua likiwaka. Wazee walilipiga plasta ya chokaa kwa sababu chokaa huacha mvuke upite; Fort Jesus yenyewe, iliyoanza kujengwa 1593, ni matumbawe na chokaa. Siku hizi jiwe hilo hilo tunalifunika kwa simiti nzito na rangi ya mafuta. Maji yakiingia nyuma hayana pa kutokea. Plasta inaachana na jiwe, ukiigonga inalia utupu, na chumvi inajikusanya chini ya rangi na kuisukuma nje. Ule mkanda mweusi wa futi tatu unaopakwa chini ya ukuta ili kuficha matope ndio mbaya zaidi, maana unyevu hukwama nyuma yake, ukapanda, ukatokea juu ya mstari.

Kwa hiyo kazi ianzie juu. Ziba paa, badilisha misumari iliyolegea pamoja na mipira yake, kisha funga gata. Gata iteremke angalau milimita 5 kwa kila mita, yaani upande wa mita 12 uwe na mteremko wa sentimita 6. Ikiwa sawa kabisa maji yatasimama, majani yatajaa, na mvua kubwa itamwagikia ukutani. Bomba la kushukia lifike kwenye mtaro au tangi, lisiishie juu ya baraza.

Halafu tazama ardhi. Barabara zetu humwagiwa murram juu ya murram bila ya zamani kuchimbwa, hata njia imekuwa juu kuliko sakafu za nyumba. Mwenye nyumba achimbe mbele yake hadi udongo uwe sentimita 15 chini ya sakafu, na mita ya kwanza iteremke sentimita 5 kutoka ukutani.

Plasta iliyolia utupu itolewe yote hadi jiwe lionekane. Chumvi nyeupe isuguliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inarudi ndani ya jiwe. Uache ukuta ukauke, na hapa ndipo watu wanapokosa subira. Kabla ya kupiga plasta mpya lowesha jiwe, la sivyo litanyonya maji yote na plasta itapasuka. Kwa ukuta wa matumbawe changanya debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga. Panapohitaji ugumu zaidi, debe moja la simiti, moja la chokaa na sita za mchanga. Unene usizidi milimita 15 kwa mkono mmoja, yaani kwa kila mpako, na funika kwa magunia mabichi siku saba.

Mchanga wa pwani usitumike kabisa. Vilevile maji ya chumvi. Mifereji inayoleta maji ya mji kutoka Mzima na Baricho ikikauka, fundi hukimbilia kisima, na visima vingi vya hapa vina chumvi. Katika plasta chumvi hiyo italeta madoa. Katika zege yenye nondo italeta hatari: nondo inashika kutu, kutu inavimba, na zege ya juu ya dirisha au ya roshani inaanguka vipande. Panapoonekana ufa wenye rangi ya kutu, usipake simiti juu. Chonga hadi nyuma ya nondo, sentimita 2 hivi, sugua chuma kwa brashi ya waya hadi king'ae, paka praima ya zinki, ndipo uzibe. Nondo iliyoliwa sana ni kazi ya mhandisi kuamua.

Sasa rangi. Ukuta wa matumbawe wenye plasta ya chokaa unatosha kwa chokaa ya maji. Loweka chokaa ya mfuko usiku kucha, ichuje, izimue iwe nyepesi kama maziwa, lowesha ukuta, upake mikono minne myembamba, kila mmoja kwa siku yake. Ukipaka nzito itageuka unga. Wapo wanaotia chumvi ya jikoni ili ishike. Kwa hewa yetu ya bahari chumvi hiyo huvuta unyevu. Miwani ivaliwe, chokaa hupofua.

Kwa plasta ya simiti tumia rangi ya maji ya nje, baada ya siku 28. Uso wa nyumba wa mita 12 kwa 3, ukitoa milango na madirisha, una takriban mita za mraba 30. Plasta ya kukwaruza hunywa lita moja kwa mita za mraba 7, hivyo mikono miwili ni karibu lita 9. Ndoo ya lita 20 inatosha nyumba mbili, kwa hiyo majirani wanunue pamoja. Nyeupe kabisa hatuishauri kando ya barabara za matrela, kwani vumbi linaonekana baada ya wiki chache. Rangi ya maziwa mabichi au udongo mwepesi hudumu zaidi. Wakati mzuri ni kaskazi, Januari hadi mapema Machi.

Miti nayo ina nafasi yake. Mwarobaini uwe mita 5 kutoka ukutani. Mkungu upelekwe mbali zaidi, mizizi yake huinua kabro, yale matofali ya kutandika chini.

Kwa kaunti tuna maombi mawili. Mitaro izibuliwe Februari, na taka zake zizolewe siku hiyo hiyo badala ya kuachwa ukingoni zirudi ndani na mvua ya kwanza. Na kabla ya kumwaga murram mpya, ya zamani ichimbwe kwanza, barabara ishuke chini ya vizingiti vya nyumba.

Mafundi wa ujenzi,
Changamwe, Mombasa