Yule si tai, na kijana wetu si mporaji

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa bado kazini. Ilikuwa kuhusu pete ya alumini niliyoikuta mguuni mwa ndege aliyefia wavuni hapa bwawani Mtera, yenye namba na neno MOSKWA, yaani Moscow. Hamkuichapa ile barua. Nikanyamaza miaka yote hii, maana bwana samaki wa kijijini hawafundishi watu wa gazeti kazi yao. Lakini ile habari yenu ya "tai adimu wa Ulaya" aliyeporwa chakula na wavuvi imenikosesha usingizi siku mbili.

Kwanza, yule si tai na wala si adimu. Picha yenu ya juu ni ya tai mla samaki, mwenyeji wetu wa mwaka mzima, kichwa na kifua cheupe pe, na kelele zake zinaamsha hata walevi. Aliyekuwepo siku ile ni osprei. Huyo ni mweupe tumboni, na usoni ana mstari mweusi unaopita jichoni, kama mtu aliyekuwa anajipaka wanja akasukumwa, ukafika kisogoni. Hujitupa majini miguu mbele, na samaki humbeba kwa urefu, kichwa mbele, kama fundi na ubao wake. Huanza kuonekana mnamo Oktoba, na Machi na Aprili wakubwa huondoka kwenda kutaga kaskazini. Vijana wao hubaki huku, kwa hiyo ukimwona mmoja Julai usiite waandishi. Hapa mwaloni tunamwita Mgeni. Mwandishi wenu anasema ni ndege wa "majira ya kuchipua". Kuchipua wapi? Machi huku mtama umeshatoa masuke.

Sasa kilichotokea, maana nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo yangu. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mgeni ametua kwenye mti mkavu, mmoja wa ile iliyobaki imesimama majini tangu bwawa lilipofunika bonde, anamla perege taratibu, kichwa ameshakimaliza. Yakaja magari matatu. Kumbe jana yake kuna mtu alimwona akatuma kwenye simu kila kitu: mwalo upi, mti upi, na saa ambayo ndege hupenda kukaa. Wakashuka watu kumi na kitu, suruali za mifuko mingi, darubini shingoni, wakasimama juu ya nyavu zetu tulizoanika majanini. Nikasema, "Jamani, hizo ni nyavu." Dada mmoja akageuka vizuri kabisa, "Shikamoo mzee, dakika mbili tu," akaendelea kukanyaga. Marahaba nikaimeza. Kisha kijana mmoja wao akarusha droni, ikavuma kama mzinga wa nyuki moja kwa moja hadi mtini. Ndege akashtuka, akaruka, nusu perege ikamponyoka, ikaanguka chubwi pembeni mwa mtumbwi wa kijana wetu aliyekuwa anategua nyavu. Wewe Mhariri ungefanya nini? Ungemrudishia kwa ngazi? Kijana aliiokota, akaiinua juu huku anacheka, akatupigia kelele kwamba leo Mgeni kalipa ushuru. Basi. Ndiyo hiyo picha yenu ya chini. Kufika jioni ilikuwa imezunguka Iringa mjini nzima na maneno yake: "Wavuvi wampora tai adimu." Nanyi mkaichukua kama ilivyo. Neno droni halimo katika habari yenu hata mara moja, nimeisoma mara tatu nikiwa na miwani. Nyavu mbili zilizotobolewa na viatu vyao hazimo. Mke wa yule kijana anaulizwa sokoni Migoli kama mumewe bado anawavizia ndege.

Na kama mnamtafuta anayemnyang'anya Mgeni samaki, fuateni maji yanakotoka. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu, unaoleta maji bwawani kwetu, umekuwa ukikauka kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha, na sisi wa chini tunaburuta mitumbwi kwenye tope. Mtera, kwa kuwa ni bwawa la umeme, inatajwa redioni umeme ukikatika tu. Tulipochoma kokoro, zile nyavu haramu za kukokota, tena sisi wenyewe na BMU yetu, yaani kikundi cha wavuvi cha kulinda mwalo, tulipiga simu gazetini kwenu. Tukaambiwa mwandishi yuko njiani. Nadhani bado yuko njiani.

Sisemi watu wasitazame ndege. Mimi mwenyewe nawatazama, na bure. Mzee mmoja Mskoti aliyepita hapa zamani alinisimulia kwamba kwao osprei walitoweka, wakarudi kuzaa 1954. Mwaka 1958, pale Loch Garten, ziwa la huko kwao Uskoti, mtu alipanda usiku kwenye kiota chenye walinzi, akaacha mayai ya kuku aliyoyapaka dawa ya viatu. Mwaka uliofuata wakaweka kibanda cha kutazamia mbali na mti, watu wakaruhusiwa kuja kwa utaratibu, na vifaranga watatu wakakua wakaruka. Kwa hiyo hao wenzetu wanajua. Ni hawa wa kwetu, wanaotoka mjini asubuhi na kurudi mchana, ambao kuona hakujawatosha mpaka watangaze mti.

Basi nasi tujenge kibanda chetu. Kiwe hatua mia mbili kutoka mwaloni, chini ya mbuyu, kiwe na benchi, chai na vitumbua. Kiingilio shilingi elfu tano, ziende kwenye choo cha mwalo ambacho hakina mlango tangu mvua za juzi. Droni ikipita kibanda, mwenyewe alipe perege kumi, kila mmoja wa kutosha kiganja cha mtendaji wa kijiji. Kiganja chake ni kikubwa, nimekiona.

Wakati tunasubiri hayo, nitashukuru mkichapa jina sahihi la ndege, kwa herufi za ukubwa uleule mliotumia kwa neno "wampora". Pete ya MOSKWA bado ninayo kwenye kopo la chai, kama safari hii kuna mtu hapo ofisini anayetaka namba.

Bwana samaki mstaafu,
Migoli, Iringa