Dawa ya kopa kila msimu mpaka lini?

Mhariri, naomba kanafasi niseme na wenzangu wa michungwa. Tukiona tu doa jeusi kwenye chungwa tunakimbilia kopa, ile dawa ya shaba, sawa inazuia ukungu ila shaba haiozi, inajirundika kwenye udongo mwaka hadi mwaka mpaka minyoo inapungua, ndo maana Umoja wa Ulaya wamebana, mwisho kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Hebu geuza majani makavu chini ya mti, ukungu wa doa jeusi unakomaa humo kisha upepo unaupandisha, sasa unapiga dawa juu na kiwanda umekiacha chini! Fagia au funika kwa nyasi, punguza matawi hewa ipite. Shina likioza kuna dawa iitwayo fosfonati ya potasiamu, ila kwanza maji yasituame hapo.