Barua kwa mwanangu: usimpake mafuta

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anatembea.

Picha za kobe wa mjukuu wangu Suleimani zimefika. Nilizitazama usiku uleule, na asubuhi nikatoka nazo barazani nikazitazama tena. Kilichoninyima usingizi ni yale maneno uliyoandika chini yake, kwamba utampaka mafuta ya nazi kama nilivyokuwa nikimpaka yule wa kwetu. Usimpake, mwanangu. Kama umeshampaka, mwoshe leo kwa maji ya vuguvugu na mswaki laini, umkaushe. Ningekupigia simu, ila kwenye simu wewe hujibu "sawa Baba, sawa Baba", nami sijui umesikia au umeitikia tu. Barua utairudia.

Juzi nilipeleka wageni kisiwani Changuu. Walipokuwa wakipiga picha nikamvuta pembeni mmoja wa wanaowalisha wale kobe, nikamwonyesha simu. Akaniambia wao wanafuga kobe wa nchi kavu, wale ambao wa kwanza 4 waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na kwamba huyu wa Suleimani mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho ni wa maji, matunzo yake mengine. Basi jioni nikaenda kwa yule kijana wa jirani aliyesomea udaktari wa mifugo chuo kikuu cha SUA, Morogoro. Tulikaa mpaka adhana ya Isha.

Alichonifahamisha kwanza ni kwamba gamba ni mifupa yake mwenyewe. Mbavu na uti wa mgongo vimeshikana nalo, na juu yake vimepangwa vigae vya kitu kama kucha zetu. Ukimgusa anahisi. Miaka yote ile mimi nilikuwa nikilisugua kama meza.

Ule weupe wa mgongoni huenda si kitu. Kobe wa maji hubambua vigae vya zamani kimoja kimoja, vyembamba kama ganda la kitunguu, na kabla havijatoka huwa vina ukungu ukungu. Usivibandue kwa kucha, na Suleimani umkataze. Au ni chokaa ya maji ya bomba, kama ile inayoganda ndani ya birika, nayo huonekana zaidi akikauka. Lakini doa likiwa na shimo, au ukilibonyeza likabonyea, au likatoa majimaji au uvundo, hapo gamba linaoza, na uozo ule hushuka mpaka mfupani. Kwa hiyo mbonyeze kwa kidole gumba, taratibu, kila kigae, halafu umnuse. Usione haya kumnusa.

Na ile picha ya tatu, ya tumboni. Kati ya vigae naona wekundu. Kijana alipoiona alinyamaza kwanza, ndipo akasema wekundu wa namna hiyo wakati mwingine ni vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Ndiyo maana nasema daktari, na nasema wiki hii. Usimpakie garini kutoka hapo Columbus kwenda Minneapolis kwenye baridi ile kabla hajaonwa, na awe daktari anayejua kobe, si wa paka na mbwa peke yao. Akikwambia mnyama akae nje ya maji saa nyingi kila siku, usimwonee huruma ukamrudisha majini.

Uliniambia ni ghali. Mwezi huu usitutumie kitu. Mama yako anakubali, tumezungumza.

Kuna na jambo la taa. Umesema tangi liko dirishani, anapata jua. Kioo, Rukia, huzuia ile miale anayoihitaji kutengeneza vitamini D, na bila hiyo hata umlishe kalsiamu mwili hauipokei vizuri, gamba huanza kulainika. Taa yake mliinunua lini? Taa zile huendelea kuwaka huku miale imekwisha, nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Na pale pa kuotea pawe pakavu kabisa, joto lifike nyuzi 32 hivi, la sivyo gamba litakaa na unyevu mchana na usiku. Na uduvi mkavu kila siku haumtoshi, ni sawa na mtu kula vitumbua tu asubuhi na jioni.

Suleimani asimbusu tena. Nimeiona picha. Wana vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima, na huko huko Marekani tangu mwaka 1975 imekatazwa kuuza kobe mwenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Anawe kwa sabuni kila akimshika.

Wewe ni muuguzi. Nawaambia watu gatini kwamba mwanangu anawageuza wagonjwa usiku kucha huko Columbus wasipate vidonda vya mgongo. Kwa wagonjwa wa watu huchelewi hata dakika, jambo la nyumbani kwako unasema wiki ijayo. Hilo umelirithi kwangu.

Umeandika kwamba gamba la yule wa kwetu lilikuwa likimeta. Kweli lilimeta. Kila mgeni alinisifu. Mafuta yalikaa juu, na chini ya mafuta uchafu ukaganda. Harufu niliisikia, nikasema ni ya banda. Na banda lilikuwa haliingii jua, mama yako alinambia zaidi ya mara moja. Ile likizo uliyokwenda Wete kwa bibi yako, uliporudi tukakwambia ametoroka kupitia tundu la ukuta wa nyuma, nawe ukaliziba kwa mawe peke yako, hukutaka nikusaidie. Tundu lile lilikuwa dogo, mwanangu. Kobe yule asingepita.

Kwa hiyo usimpake mafuta.

Mtoto wa dada yangu anasafiri tarehe 14, atapitia Columbus. Nimempa mifupa miwili ya dome, yule wa jamii ya ngisi, niliyookota ufukweni Kizimkazi, nimeiloweka siku tatu kutoa chumvi. Vunja kipande umtilie kobe ndani ya maji, atakitafuna mwenyewe, ni kalsiamu tupu. Nimemfungia na karafuu za shangazi yako na kanga mbili ambazo mama yako hataki nikwambie bei yake. Bati la jikoni bado linavuja, fundi amekuja akapima akaondoka na kamba yangu. Mashine ya boti imepona. Ile dawa yako ya kifua uliyoandikiwa, umeimaliza au umeacha katikati?

Nitumie picha ya tumbo lake akiwa mkavu, kwenye mwanga. Hata ikiwa usiku wa manane kwetu, itume, simu sitaizima.

Baba yako