Nyota moja bila maelezo haimsaidii msanidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maoni na nyota ambazo watumiaji huwaachia wasanidi, yaani watengenezaji, chini ya programu za bure za kupima Wi-Fi, hasa WiFiAnalyzer, ambayo haina matangazo na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Lalamiko kubwa ni kwamba inaomba ruhusa ya mahali, kwa hiyo inaitwa ya kijasusi. Sharti hilo ni la Android yenyewe, tangu toleo la 6 la mwaka 2015. Orodha ya ruta zilizo karibu, pamoja na namba ya utambulisho ya kila moja, inatosha kuonyesha mtaa ulipo, ndiyo maana imefungwa nyuma ya ruhusa hiyo. Ukikataa, au ukikubali huku swichi ya mahali imezimwa, orodha hutoka tupu. Na programu hii haiombi hata ruhusa ya kutumia intaneti. Taarifa zako itazipelekaje?

Wengine husema grafu ya nguvu ya mawimbi inaganda. Tangu Android 9, programu iliyo wazi kwenye skrini huruhusiwa kuskani, yaani kutafuta mitandao iliyo karibu, mara nne tu kwa dakika mbili. Anayezunguka nyumba akitafuta kona isiyoshika vizuri anaweza kuwa jikoni huku anasoma kipimo cha sebuleni. Kuanzia Android 10 kizuizi hicho kinazimika: fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara saba, kisha ingia Chaguo za wasanidi na uzime kizuizi cha kuskani Wi-Fi kwenye sehemu ya mitandao. Ukimaliza kupima kirudishe, la sivyo betri itaumia.

Kama mitandao ya masafa ya 5 GHz haionekani, hakikisha kwanza simu yako inaipokea. Zipo za bei nafuu zinazoishia 2.4 GHz.

Kwenye Play Store msanidi huonyeshwa aina ya simu na toleo la Android la mtoa maoni. Asichokiona ni kama mahali pamewashwa, ruta iko chaneli gani (njia ya mawimbi inayotumia), na ulibonyeza nini kabla ya kukwama. Hayo ndiyo ya kuandika. "Haifanyi kazi" haimpi pa kuanzia.

Wasanidi nao wanakera wanapobandika "pole kwa usumbufu, tafadhali sasisha programu" chini ya kila lalamiko. Jibu lina nafasi ya herufi 350, zinazotosha kabisa kutaja chanzo na hatua ya kwanza ya kujaribu. Jibu likitoka, mtumiaji anaweza kurudi kuhariri maoni yake. Tafadhali tufanye hivyo, kwa sababu asiporudi, nyota moja hubaki palepale na kuwafukuza wengine hata kama tatizo lilishatatuliwa.

Fundi mitandao,
Morogoro